Sufuria ya Verna Isiyo na Chumvi

Watu wa Pigeon Arm, kijiji chetu cha wavuvi, watakwambia wifi yangu Verna alizaliwa na mwiko mkononi. Waongo. Verna alifanya kazi kiwanda cha samaki miaka thelathini na mmoja, amesimama kwenye sakafu yenye maji, viatu vya mpira miguuni, anachuna minofu. Akirudi nyumbani alipika kama tulivyopika sote: sufuria moja, nyama ya chumvi chini, kabichi na viazi juu, funika, kaa kitako. Hakupenda kupika wala hakuchukia. Alipika kwa sababu saa sita mchana ilikuwa inafika kila siku bila kukosa.

Upishi wenyewe ulimkamata akiwa na miaka sitini na minne. Kiwanda kilikuwa kimeshafungwa, magoti yameisha, na mumewe Selby ametoka hospitali na moyo uliochoka. Selby ni mdogo wangu, tumbo moja. Daktari alisema mengi, lakini neno lililobaki katika nyumba ile lilikuwa moja: chumvi basi. Si kupunguza. Basi. Moyo wake hauna tena nguvu ya kusukuma maji, na chumvi huyashika maji yakakaa mwilini. Akiendelea kuila, maji yatapanda mpaka mapafuni, na mtu aliyevua samaki miaka arobaini bila kuzama atakuja kuzama kitandani kwake.

Jamani, kuambiwa hivyo huku kwetu! Nyama yetu ya Jumapili inatoka kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Samaki tunamkausha kwa chumvi. Siagi ina chumvi, mafuta ya nguruwe yana chumvi, hata upepo unaogonga madirisha una chumvi. Ukimwondolea mtu wa Pigeon Arm chumvi, umembakizia ukungu.

"Wifi," Verna akaniambia siku ile ya kwanza, amekaa jikoni na koti bado liko mwilini, "nitampikia nini huyu?"

"Viazi," nikasema.

"Na kesho?"

"Viazi."

"Na keshokutwa?"

"Wee Verna, kwani mimi ndiye niliyeolewa naye?"

Akacheka kidogo, nakumbuka, kwa sababu baada ya hapo hakucheka tena kwa muda mrefu.

Alianza na chai, kwa kuwa ndicho kitu pekee alichokijua kwa undani. Chai yetu hukaa kwenye birika juu ya jiko tangu alfajiri, inakolea mpaka inakuwa nyeusi, halafu unaitia maziwa ya kopo. Verna akawaza hivi: mdomo wa Selby unadai kitu cha kuushika, na kama si chumvi basi uwe uchungu wa majani. Akachemsha kabichi kwenye chai. Ikatoka nyeusi, ngumu, ina ladha ya mlango wa zamani. Akachemsha viazi kwenye chai pamoja na kitunguu.

Selby akaonja, akaweka uma chini. "Bi mkubwa," akasema, "soksi zangu umezitoa humu au bado zimo?"

"Kula, mzee."

"Nauliza tu, nisije nikameza kifungo."

Hivyo ndivyo alivyokuwa anamjibu, na mimi nilikuwepo, nikacheka. Nilicheka, sikatai. Yeye Verna akachukua sahani, akamwaga, akaanza tena. Kuku aliyelala kwenye chai baridi usiku mzima. Mkate wa chai na zile beri nyekundu chachu za mlimani. Siki, haradali, tangawizi, na yale majani makavu tunayotia kwenye kuku wa Krismasi. Nyama ya porini ameipika taratibu kwenye chai mpaka ikalainika, na hiyo ilikuwa nzuri, mimi niliila sahani mbili, lakini Selby alisema inamkumbusha dawa. Ukienda pale saa moja asubuhi unamkuta Verna kwenye jiko, ndala miguuni, anaonja kwa kijiko, macho kayafumba, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mtu. Anaonja, anatikisa kichwa, anatema kwenye sinki.

Usidhani alikuwa anafurahia. Ziko nyumba ambazo mwanamke anajaribu mapishi kwa raha zake, anapiga picha, anawatumia watoto wake waliohamia mbali, huko Alberta. Verna alikuwa anajaribu kwa hofu. Magoti yalimvimba kwa kusimama. Akikaa, analala. Nilimkuta mara moja kalala kichwa kiko mezani, pembeni ya kisu na karoti, na kile kisu sikukigusa kwa kuogopa kumwamsha.

Na Selby akawa hali. Si maringo tena, hali kweli. Vijiko viwili, anasukuma sahani. Uso ukamshuka, suruali akawa anaifunga kwa kamba. Nesi Colleen, anayepita kila Jumatano kuwapima wagonjwa wa ghuba hii, akampandisha kwenye mizani, akamtazama Verna.

"Mama, asipokula pia atakufa. Moyo unataka chakula."

"Na akila chumvi?"

"Atakufa mapema zaidi."

"Haya, asante," Verna akasema, akaenda kuwasha jiko.

Sasa nifike kwangu. Ningependa kulipita hili lakini halipitiki.

Ilikuwa mwezi wa pili, Jumatatu. Nilimkuta Selby kwenye banda lake la nyavu, amekaa juu ya kreti, hafanyi kitu. Nikamuuliza vipi. Akaanza kulia. Mdogo wangu huyu sijamwona akilia tangu tumzike mama.

"Dada," akasema, "kila kitu ni kama kutafuna blanketi. Nimechoka. Bora nife nimekula."

"Funga bakuli lako, usiseme hivyo."

"Jana nilisikia harufu ya sufuria yako mpaka huku. Nilisimama hapo mlangoni kama mbwa."

Wewe ungefanya nini? Mimi ni mkubwa wake. Mimi ndiye niliyemlisha uji akiwa mdogo, na wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Nikarudi kwangu. Nyama sikumpa, naapa. Daktari alisema nyama ya chumvi asiguse, na mimi sikumpa hata unyuzi. Nilichota yale maji ya sufuria tu, yale yanayobaki kabichi na nyama zikishatolewa, ambayo kila mtu wa hapa anayanywa kwenye kikombe Jumapili akiwa amesimama. Nilikuwa nimeiloweka ile nyama tangu juzi yake, nikabadilisha maji mara mbili. Nikajiambia, haya ni maji ya kabichi, kuna ubaya gani? Ndivyo tulivyolelewa: chumvi iko kwenye nyama, mchuzi ni dawa. Mtoto akiwa na homa, maji ya sufuria. Mzazi aliyetoka kujifungua, maji ya sufuria. Nikayatia kwenye chupa ya chai, nikafunga, nikapita mbele ya dirisha la Verna nimeibeba wazi mkononi.

"Unampelekea chai?" akaniuliza.

"Nampelekea chai."

"Mungu akubariki, wifi. Ya kwangu haitaki tena."

Selby alikunywa kikombe kimoja amekishika kwa mikono miwili. Akafumba macho. Rangi ikamrudi usoni papo hapo. Halafu akaenda ndani, akakaa mezani, akala kuku wa tangawizi wa mke wake mpaka mfupa. Alikuwa ameshapata ladha mdomoni, basi chochote kilipita. Nikajua nimefanya jambo jema. Kesho yake nikaleta tena, na keshokutwa. Kila siku nilikuwa napasha moto kile nilichobakiza, na Jumapili ikija napika kingine.

Ungemwona Verna! Yeye si mtu wa kusema, lakini alianza kuchana nywele. Alikuwa anasimama nyuma ya kiti cha Selby anamtazama akila, mikono kwenye aproni, mdomo umebana ili usitabasamu.

"Leo nimeongeza siki," ananiambia mlangoni, kwa sauti ndogo kama anayetoa siri. "Nadhani ilikuwa ni siki tu wakati wote."

"Umeipatia, wifi."

"Unafikiri?"

"Si unaona sahani?"

Ndivyo nilivyomwambia. Na mizani ikapanda. Kilo moja. Verna alishaambiwa aangalie uzito kila asubuhi, alijua kupanda si kuzuri, lakini mtu anakula, mtu alikuwa mifupa, kilo moja si nyama imerudi? Mimi mwenyewe nilipiga makofi. "Umemnenepesha!" nikasema. Kilo mbili. Nesi Colleen alizuiwa na barafu, hakupita Jumatano zile. Selby akaanza kulala kwenye kiti akisema kitanda kinambana. Ukibonyeza mguu wake kwa kidole, shimo linabaki. Siku ya ishirini, saa mbili asubuhi, Verna alinipigia simu, na kabla hajasema neno niliisikia pumzi ya Selby nyuma yake, inakoroma kama maji ya mwisho kwenye beseni.

Gari la wagonjwa lilichukua saa nzima kufika kwa sababu ya barafu. Walimchukua na kinyago usoni. Hapakuwa na nafasi ya Verna, na jirani mwenye gari la kumpeleka alikuwa hajarudi, basi tukabaki sisi wawili jikoni, tunasubiri.

Hospitali walipopiga simu, Verna aliisikiliza amesimama, na alipoikata hakukaa. Alifungua kabati, akaanza kutoa kila kitu. Makopo, pakiti, chupa. Anavaa miwani, anasoma maandishi madogo nyuma, anaweka mezani, anachukua kingine. Haradali. Siki. Maziwa ya kopo. Meza ikajaa akaanza kupanga sakafuni.

"Hospitali wameuliza kala nini," akasema. "Wamesema hayo si maji ya kawaida. Wamesema amekula chumvi nyingi sana, kila siku, siku nyingi. Ni mimi. Kuna kitu sikukisoma."

"Verna, kaa."

"Ni baking poda." Akanisogezea kopo machoni. "Angalia hapa. Imeandikwa, sodiamu, chumvi ile ile. Kwenye ule mkate wa chai, vijiko viwili. Wifi, nimekuwa nikimpa mkate kila asubuhi. Nimemuua mume wangu kwa mkate."

Nilitaka kunyamaza. Nasema ukweli: nilisimama pale na nikataka kunyamaza. Kopo lingenibebea. Angesadiki mpaka kufa kwake, na mimi ningekuwa dada mwema niliyeleta chai. Lakini alipiga magoti, yale magoti yake mabovu, ili asome kilichoandikwa kwenye pakiti ya unga wa mahindi, na sikuweza.

"Si mkate," nikasema. "Ni mimi. Ile chupa haikuwa na chai."

Akainua uso.

"Ilikuwa na nini?"

"Maji ya sufuria yangu. Nyama sikumpa, Verna, ni maji tu..."

Angenipiga ningeshukuru. Alibaki pale chini, kashika pakiti. Halafu akaniuliza, na sikutegemea aulize hilo kwanza.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu ile."

"Jumatatu ya kuku wa tangawizi?"

"Ndiyo."

"Alikula mpaka mfupa."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo alikuwa kashakunywa yako." Akahesabu kwa kidole. "Jumanne. Nyama ya porini na vitunguu. Aliongeza."

"Nilileta."

"Jumatano. Maharage na siki."

"Nilileta, wifi. Acha basi."

Hakuacha. Alikumbuka kila chakula cha kila siku, siku kumi na tisa, na kila alipokitaja alinitazama, na kila aliponitazama nilitikisa kichwa kukubali. Viazi vya haradali. Supu ya karoti. Mayai na yale majani makavu. Kila kimoja alikuwa amekiamini. Kimoja baada ya kingine nilikuwa nakivua mkononi mwake, na yeye anakitaja kingine kwa sauti ile ile ya kuchoka, isiyo na hasira hata kidogo.

"Alhamisi ya dhoruba," akasema. "Samaki. Nilimchemshia samaki kwenye chai nzito, na siki, na kitunguu."

Nikawaza. "Alhamisi ile njia ilifungwa. Theluji ilinifikia dirishani, hata mlango ulikataa kufunguka. Sikuja."

"Hukuja."

"Sikuja, haki ya Mungu. Na chupa ilikuwa kwangu, tupu. Alikula?"

"Alikula," Verna akasema. Akaweka pakiti chini. "Alisitasita, akanung'unika, akasema soksi zimerudi. Lakini alikula."

"Yote?"

"Robo akaiacha."

Basi akalia. Hapo ndipo alipolia, kwa ajili ya samaki, hakulia kwa yale kumi na nane mengine. Nikakaa naye sakafuni katikati ya makopo, na sikuthubutu kumshika. Alipomaliza akajifuta kwa aproni.

"Nimechoka, wifi."

"Najua."

"Hujui," akasema. "Ungejua usingefanya."

Nikainamisha kichwa. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Honi ya gari ikalia nje. Verna akasimama kwa kushika meza, akavaa koti. Mlangoni akageuka.

"Akirudi mzima, Jumapili utakuja kula hapa. Anachokula yeye na wewe utakila. Kila Jumapili."

"Na sufuria yangu?"

"Panda maua humo."

Selby alirudi. Walimtoa maji kwa vidonge na sindano siku nane, mpaka akabaki ngozi. Daktari alimwambia safari nyingine hatakuwa na bahati hiyo, na alimwambia mbele ya Verna ili asije akasahau. Kwangu Selby hakusema lolote kuhusu ile chupa, wala mimi kwake. Tulitazamana kama watoto waliovunja kioo cha kanisa.

Jumapili nikaenda. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe nyumba yangu haikuwa na harufu ya sufuria, na nilitembea ile njia fupi nikisikia harufu za nyumba za wenzangu zote, moja baada ya nyingine, na mate yakanijaa mdomoni, na nikaona aibu kwa sababu ya hayo mate.

Verna alikuwa amepika samaki wa chai. Alipakua sahani tatu sawasawa, akamimina vikombe vitatu, kile cha Selby nusu kwa sababu hata maji anapimiwa. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa ameenda hospitali na kurudi kila siku, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na jana yake alipika samaki huyu mara tatu akamwaga mara mbili. Akakaa. Akashika uma.

Nikaanza mimi, kwa kuwa ilikuwa zamu yangu kuanza. Nisidanganye: ulimi wangu uliitafuta chumvi kila pembe na haukuiona. Kulikuwa na uchungu, halafu siki, halafu kitu kitamu cha kitunguu kilichoiva sana. Kilikuwa chakula. Mara ya tatu kutia mdomoni nilielewa kwa nini mdogo wangu alilia bandani, na nikaelewa pia ni asubuhi ngapi za kusimama zilizoingia kwenye kile kipande cha samaki.

"Verna," nikasema, "hii..."

"Shh," Selby akasema.

Verna alikuwa amelala. Amekaa wima, uma mkononi, kidevu kifuani, sahani yake haijaguswa.

"Usimwamshe, dada."

Selby akainama, akala. Polepole, bila mzaha wowote, kipande baada ya kipande, na kila mara anamtazama mkewe. Akafuta mchuzi kwa mkate. Akamaliza hata ile robo ambayo siku ya dhoruba aliiacha. Nilitamani Verna aone. Nilitaka kumtikisa bega, nimwambie amka, mwanamke, angalia, hiki ndicho ulichokuwa unakitafuta. Lakini nilikuwa nimeshafanya ya kutosha katika nyumba ile, nikatulia.

Aliamka mwenyewe, kwa kushtuka. Macho yakaenda kwenye sahani ya Selby. Ilikuwa nyeupe kama imeoshwa. Nikasubiri uso wake ufunguke.

Haukufunguka. Alinitazama mimi. Kwanza usoni, halafu mikononi, halafu mkoba wangu uliokuwa chini ya kiti.

"Amekula mwenyewe, wifi," nikasema. Nikaitandaza mikono yangu mezani aione. "Yote. Mwenyewe."

"Kweli, mama," Selby akasema. "Ilikuwa tamu."

Verna alinyoosha mkono mezani, akakichukua kikombe cha mumewe, akakionja.

Ilikuwa chai.